Je, Inafaa Kuwahasi Paka na Mbwa wa Mitaani?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni mama wa Kiislamu, naishi Majengo, Moshi. Mwanangu anayesoma Unguja amejiunga na vijana wanaojitolea kuwakamata kwa tundu paka na mbwa wa mitaani, kuwapeleka kwa daktari wa mifugo wakahasiwe na kuchanjwa, kisha kuwarudisha walikotolewa. Paka aliyekwisha kuhasiwa hukatwa ncha ya sikio ili atambulike. Jirani zangu wananiambia kwamba kukata masikio ya wanyama ndiyo kazi aliyoiapia shetani katika Qur'ani, na kwamba kijana anayeshika mbwa hana swala. Je, nimkataze? Na je, naweza kumpelekea sehemu ya zaka yangu wanunulie dawa?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh, dada yetu. Usimkataze, ila yapo masharti ambayo inakupasa umfikishie.

Jirani zako hawakuizua aya hiyo. Imo katika Suratun Nisaa, aya ya 119, ambamo shetani anaapa kwamba atawaamrisha watu wakate masikio ya wanyama na wabadilishe maumbile aliyoumba Allah. Lakini wafasiri wameieleza kwa desturi ya Waarabu wa jahilia, yaani kabla ya Uislamu, ambao walimpasua ngamia sikio wakamweka wakfu kwa masanamu, asipandwe wala asibebeshwe mzigo; naye huyo ndiye bahira anayekanushwa katika Suratul Maida, aya ya 103. Kosa lao lilikuwa ni kumzulia Allah sheria. Alama ya kumtambulisha mnyama ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa Anas bin Malik, Allah amridhie, amesimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba alimkuta Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwatia kondoo alama ya moto masikioni mwao. Alichokikataza ni kumchoma mnyama usoni. Basi ikiwa alama ya moto sikioni imefanywa na mbora wa viumbe kwa maslahi ya kutambua mali, ncha ya sikio inayokatwa paka akiwa amelala kwa nusu kaputi, ili asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili bure, ni nyepesi zaidi kwa mnyama mwenyewe.

Suala la kuhasi ndilo zito, na nikikuambia kwamba halina hitilafu nitakuwa nimekudanganya. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imam Nawawi ameandika kwamba mnyama asiyeliwa haifai kumhasi, awe mdogo au mkubwa, na kwamba anayeliwa hufaa kumhasi akiwa mdogo tu. Wanazuoni wa Kihanafi wameruhusu pale penye manufaa. Huku kwetu hakuna anayeshangaa kumwona maksai akivuta jembe, wala anayeuliza ndafu wa harusini alihasiwa lini, na imepokewa kwamba Mtume mwenyewe alichinja kondoo wawili waliohasiwa; lakini hao wote ni wanyama wa kuliwa, kwa hiyo hawatutoshi kuwa hoja juu ya paka. Inayotufaa zaidi ni fatwa ya Sheikh Ibn Uthaymin, mwanachuoni wa Saudi Arabia, aliyeulizwa kuhusu paka hasa, akajibu kwamba wakiwa wengi na wakaleta udhia, na upasuaji usiwadhuru, hapana ubaya, kwa sababu hilo ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa kwao.

Mimi naegemea hapo. Wanazuoni wa kale waliokataza waliona mnyama akikatwa kwa kisu huku akilia, tena bila haja. Leo mnyama hulazwa usingizi, na haja ipo: paka jike huweza kushika mimba kabla hajatimiza mwaka, hubeba kwa takriban wiki tisa, na huzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, watoto wakifia majalalani na mitaroni. Njia ya pili ambayo miji mingi imeizoea ni sumu na risasi. Mtume amesema kwamba lau mbwa wasingekuwa umma miongoni mwa nyumati angeamrisha wauawe. Na mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa aliingia motoni. Palipo na paka wachache wasiomuudhi mtu, hata hivyo, waachwe kama Allah alivyowaumba.

Kwa upande wa mbwa, mwanao asidhani kwamba kuhasi kunatosha. Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo. Katika kisiwa jirani cha Pemba ugonjwa huo ulirudi mwaka 2016 baada ya kuwa umezimwa, na ukazimwa tena kwa kuchanja mbwa. Kijana akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo kuchomwa sindano; asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Kushika mbwa hakubatilishi swala. Kwetu Mashafi, mbwa akigusana na mtu hali mmoja wao yu mbichi, pale palipoguswa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Wote wakiwa wakavu hapana kitu. Avae glavu na awe na nguo za kazi, basi.

Masharti niliyoyataja ni haya: asichukuliwe paka mwenye mwenyewe pasipo idhini, kwa maana hiyo ni mali ya mtu, na paka anayenyonyesha asitengwe na watoto wake mpaka waache ziwa. Masahaba waliwahi kuchukua makinda ya ndege, mama yao akawa anapapatika, Mtume akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa watoto wake, akaamuru warudishwe.

Zaka usimpelekee. Wanaostahiki ni makundi manane ya Suratut Tawba, aya ya 60, na wote ni watu. Hapo Majengo huwakosi. Mpe sadaka kwa kiasi upendacho, kwani aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa, na Mtume alipoulizwa akajibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.