Baruti ya .45-70 kwa Springfield ya zamani

Ndugu yangu, umesema huko Montana mkweo amekurithisha bunduki ya Springfield Trapdoor ya 1873, na jirani anakushauri uijazie risasi kwa baruti kidogo ya bastola kwa sababu ni nafuu. Tafadhali usimsikilize.

Ganda la .45-70, yaani risasi ya bunduki hiyo, liliundwa kubeba greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Baruti ya bastola hukaa chini kabisa humo. Ukipitiwa ukamimina mara mbili, ganda halifuriki wala halikupi dalili yoyote, na chuma cha bunduki ile hakitahimili. Mimi ningechagua IMR 3031, baruti isiyo na moshi ya bunduki ndefu. Inajaza sehemu kubwa ya ganda, hivyo ukirudia kumimina inamwagika mezani. Kipimo kitoe kwenye kurasa za Trapdoor za kitabu cha vipimo, kamwe si za Ruger No. 1, bunduki ya kisasa iliyo imara zaidi, ukianzia kiwango cha chini. Halafu mulika tochi ndani ya kila ganda kabla ya kupachika kichwa cha risasi.

Ukipendelea baruti nyeusi, kichwa kiikandamize kidogo, pasibaki hewa kati yao. Mtutu na maganda vioshe siku hiyohiyo, maana masalia yake hula chuma. Ila kwanza fundi bunduki aikague.