Muulize Fundi: Mbale hadi Malindi kwa pikipiki

SWALI: Mzee Fundi, shikamoo. Mimi ni mtu wa bodaboda hapa Mbale, nina Boxer ya 150. Disemba nataka kumpeleka mama watoto akaone bahari, ahadi ya tangu tulipooana. Tutapita Malaba, Nairobi na Mombasa, kisha tufuate pwani mpaka Malindi. Wenzangu wa stendi wanasema nitoke Ijumaa jioni niendeshe usiku kucha, eti matela ni machache na jua halichomi. Wengine wanasema pikipiki itafia njiani. Unasemaje?
– Msomaji, Mbale

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pikipiki haitafia njiani. Injini inayopanda mlima wa Wanale na watu wawili na gunia la mkaa haiogopi lami. Mwaga oili utie mpya, na ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zake, maana cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka ni pesa ya kutupa. Beba tyubu mbili, plagi moja na spana zako. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, utaiona inavuta kwa uvivu. Usiifungue karibureta! Hewa ya kule ni nyepesi, basi. Ukishuka Nakuru nguvu itarudi yenyewe. Ila vaeni sweta na glavu, kwa sababu vidole vikishaganda havikamati breki.

Usiku, hapana. Kabla sijafungua gereji hapa Tororo nilikuwa tanboi, yaani utingo, wa tela la Mombasa miaka sita, na hao wenzako wamekudanganya. Usiku ndio saa za matela. Dereva ameshika usukani tangu asubuhi, mdomoni mirungi, macho mekundu. Tela likiharibika linaachwa papo hapo barabarani bila taa, na alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa nyuma yake. Mwenye lori huyaona matawi yale mapema. Wewe na taa yako ya Boxer utayaona yakiwa chini ya tairi. Halafu kuna Tsavo, kati ya Mtito Andei na Voi, ambako tembo huvuka barabara, na gizani tembo hana rangi.

Kwa hiyo gawa safari. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa kumi jioni muwe mmeshapata pa kulala. Siku ya kwanza laleni Nakuru. Siku ya pili piteni Nairobi mlale Makindu, ambako hekalu la Masingasinga hulisha msafiri yeyote bila kumuuliza dini (funikeni vichwa, na sigara na pombe ziachwe nje, mkiondoka toeni sadaka). Siku ya tatu mtaingia Mombasa. Kila saa moja na nusu shukeni mnyooshe miguu, hata kama huyo wa nyuma hajalalamika. Wake zetu hawalalamiki mpaka washindwe kushuka.

Sasa pwani yenyewe, ambayo hukuniuliza, na hapo ndipo nilipoanguka mimi.

Mwaka 2011 nilitoka Tororo hadi Mombasa bila hata pancha. Asubuhi yake nikaelekea Malindi, kama kilomita 120 tu. Joto la kule si la Mbale, linakubandika shati mgongoni. Nikavua jaketi nikalifunga nyuma, buti nikazitia begini, nikavaa ndala. Watu wengi hudhani barabara ile inapita ufukweni. La, bahari iko mbali kidogo, unachoona ni minazi na mashamba ya mkonge ya Vipingo, kwa hiyo ukifika kwenye hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, maji yakajitokeza ghafla, macho yanakutoka. Mnarani, kabla tu ya daraja la Kilifi, nikageuza shingo kutazama maji. Niliporudisha macho mbele, tuktuk imekata kuingia kichochoroni bila indiketa, na hapo ukingoni upepo ulikuwa umemwaga mchanga juu ya lami. Nikakaba breki ya mbele. Tairi ikateleza kama sabuni. Sikuwa nimefika hata kilomita 30 kwa saa, lakini kiwiko kiliacha ngozi pale, na kidole kidogo cha mguu hadi leo hakina ukucha. Kichwa kilipona kwa sababu helmeti ndiyo pekee sikuivua.

Basi, kwenye lami kavu tumia breki ya mbele na ya nyuma pamoja, na kwa kuwa umebeba mtu anza kushika mapema kuliko ulivyozoea. Ukiona mchanga, punguza kabla hujaufikia; ukishaingia, ya mbele iache. Jaketi lifungue zipu lipitishe upepo, usilivue. Ukitaka kutazama hori, egesha, mnunue madafu, mtazame mpaka mchoke. Jioni osha cheni kwa maji yasiyo ya chumvi uipake oili, kwani chumvi ya bahari hula chuma upesi.

Kuhusu mpaka, tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuwavusha Kenya. Kadi ya pikipiki iwe kwa jina lako. Kama bado ni ya mkopo, omba barua ya ruhusa kwa waliokukopesha. Kata pia kadi ya njano ya COMESA, yaani bima inayokubalika nje ya nchi yako, kabla hujaondoka.

Na mama watoto mnunulie helmeti yake, ya kipimo cha kichwa chake. Ile ya abiria wa stendi, inayozunguka kichwani kama sufuria, iache Mbale.