Fa inawashinda watoto wangu: nianze na nyimbo zipi?

SWALI: Ninafundisha muziki darasa la pili. Nilianza na ngazi nzima, do hadi do, kwa kutumia kinanda, lakini kila tukifika fa watoto huteleza. Mwenzangu alinishauri nitumie nyimbo za asili zenye sauti tano. Nimejaribu wimbo mmoja wa Kigogo, na sasa sauti moja wanayoimba watoto haikubaliani na kinanda. Je, niwasahihishe?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Usiwasahihishe, Mwalimu, zima kinanda.

Fa inawashinda kwa sababu hatua ya kutoka mi kwenda fa ni nusu-toni, yaani hatua fupi kuliko zote katika ngazi, sawa na ile ya ti kwenda do, na sikio changa hulipita pengo jembamba kama hilo bila kulisikia. Ukiziacha fa na ti, unabaki na do, re, mi, so na la, ambazo hazina nusu-toni hata moja. Zoltán Kodály, mtunzi na mwalimu wa muziki wa Hungaria, aliyezunguka vijijini pamoja na mtunzi mwenzake Béla Bartók kukusanya nyimbo za wakulima, alizikuta nyingi za kale zikiwa na sauti tano tu, akataka watoto waanzie hapo. Ishara za mikono, moja kwa kila sauti, zinazotumika katika mfumo wake wa kufundisha zilitokana na Mwingereza John Curwen, ambaye solfa yake (kuimba kwa do, re, mi) ndiyo hiyo hiyo wanakwaya wetu wanayoiandika d, r, m.

Anza na so na mi pekee. Unapoita majina asubuhi, mwimbie kila mtoto jina lake kwa so-mi, kiganja kikielekea kifua kwenye so na kulala kikitazama chini kwenye mi, naye aitikie vivyo hivyo. Wakizoea, ongeza la, kisha do na re. Fa itasubiri.

Ama kuhusu wimbo wa Kigogo, sauti tano si lazima ziwe hizo tano. Nyimbo nyingi za Wagogo zina do, re, mi na so, lakini pahali pa la huja sauti iliyo juu yake, karibu na ti iliyoshushwa, tena chini kidogo ya ile ya kinanda. Ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, huitoa, kinanda hakiwezi. Watoto wako wameisikia nyumbani, kwa hiyo wako sahihi. Wimbo huo ufundishe kwa kuita na kuitikia, ikiwezekana pamoja na mpigaji wa ilimba au zeze, na kwa somo la kusoma nota tafuta mwingine wenye la.