Mfuko wa Dawa za Mama

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 67. Ana presha na kisukari, na magoti yanamsumbua. Kila ugonjwa una daktari bingwa wake, lakini nafuu haioni, na sasa miguu imeanza kuvimba. Jirani anatushauri tumpeleke kwa daktari wa familia. Huyo atamsaidia nini ambacho mabingwa wameshindwa? Na wewe ulisomea nini hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la mwisho. Baada ya shahada ya udaktari nilirudi darasani miaka minne kusomea udaktari wa familia: watoto, uzazi, afya ya akili, upasuaji mdogo, wazee. Nao ni ubingwa, ila hauishii kwenye kiungo kimoja. Kazi hii nina miaka 27 nayo, na baadhi ya watoto niliowapokea walipozaliwa sasa wananiletea wanao.

Kuna mama mmoja alikuja kwangu na shida kama za mama yako. Presha yake ilisoma 168/98. Nikamwomba arudi na dawa zote anazotumia. Akaumwaga mfuko mezani: aina 11. Tukazipanga moja moja. Paketi mbili zilikuwa na majina tofauti, lakini ukisoma yale maandishi madogo, zote ni diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Moja aliandikiwa kwa ajili ya magoti, nyingine alijinunulia. Dawa hiyo huzuia chumvi na maji kutoka mwilini, ndiyo maana miguu huvimba na presha hupanda. Ikikutana na enalaprili, ambayo ni dawa ya presha, pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Kila daktari alimwandikia dawa inayofaa kwa ugonjwa ulioletwa mbele yake. Mfuko mzima hakuna aliyeuona.

Tulisimamisha diklofenaki, tukapima figo, magoti tukayapa parasetamoli na mazoezi ya mapaja. Baada ya wiki chache presha ilisoma 138/84, na hatukuongeza dawa ya presha hata moja.

Sisemi kwamba mama yako ana tatizo hilohilo. Miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo, figo, ini, hata amlodipini, ambayo ni dawa ya presha yenyewe. Asiache dawa yoyote aliyoandikiwa kabla hajaonwa. Akikosa pumzi anapolala, au mguu mmoja tu ukivimba na kuuma, mpelekeni hospitali leo hii.

Presha nayo ipimwe akiwa ameketi dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, bila kuongea. Wengi hupimwa wangali wanahema.

Mabingwa wake asiwaache. Daktari wa familia atawasiliana nao. Bebeni kila kitu anachomeza, na mizizi pia kama anatumia. Ingia naye chumbani, lakini maswali mwache ayajibu mwenyewe. Kisha toka kidogo. Kuna mambo mama hayasemi mbele ya mwanawe.