Muulize Shangazi: Mume wangu yuko vitani, akikaa kimya silali

SWALI: Shangazi shikamoo. Mume wangu ni mwanajeshi, yuko mstari wa mbele huu mwezi wa tano. Sio kwamba hapigi simu, anapiga, ila hana mpangilio, anaweza kupiga mara mbili siku moja afu anapotea wiki nzima na zaidi, natuma meseji naona tiki moja tu, nashinda naangalia lasti sini yake mpaka macho yanauma. Na akipiga nikimuuliza uko wapi, hali ikoje huko, ananijibu "poa tu" afu anauliza kama bomba la jikoni limetengenezwa. Yaani bomba! Nishaanza kuhisi ana mambo yake. Na kuna grupu la WhatsApp la wake wa wanajeshi, kila kukicha ni taarifa za kutisha. Nifanyeje? – Mama Watoto

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hilo bomba maana naona ndo limekuuma kuliko yote. Mwenzio huko hana anachokiamua, kula kwa amri, kulala kwa amri, kuhama kwa amri, sasa bomba la kwake ndo kitu kimoja ambacho bado ana sauti nacho. Mwambie fundi alikuja, kabadilisha mpira, kachukua hela na bado linatona, atakasirika kidogo, atakuelekeza cha kufanya, na akienda zake lindoni usiku ana kitu cha nyumbani cha kuwaza. Mtu ambaye hakutaki haulizi habari za bomba, amini.

Hiyo "uko wapi" nayo, acha kabisa kuuliza. Sio kwamba anakuficha wewe. Simu inasikilizwa, na hata isiposikilizwa inaonekana imewaka wapi. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 2023 makombora ya Ukraine yalipiga jengo walimolala wanajeshi wa Urusi kule Makiivka, wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ilitaja vifo 89, na ikasema sababu kubwa ni wanajeshi wenyewe kuwasha simu na kuzitumia kwa wingi. Wapo Warusi waliobisha, wakasema wakubwa wanawatupia lawama marehemu, na mimi naona wana hoja, nani aliwarundika watu wote kwenye jengo moja? Ila kwamba simu inaweza kumuonyesha adui ulipo, hilo halina ubishi. Hata programu ya mazoezi ya Strava, ile ramani yake iliyowekwa mtandaoni mwishoni mwa 2017 ilikuja kugundulika inaonyesha kambi za kijeshi, kisa wanajeshi walikuwa wanakimbia asubuhi na saa zao za kupima hatua mkononi. Kwa hiyo akikutumia picha, usiiposti. Hata statasi.

Sasa ule ukimya. Sitakudanganya. Kuna wakati kikosi kizima kinakatiwa mawasiliano kwa sababu kuna mwenzao kafa au kaumia, jeshi la Marekani kwa mfano linafanya hivyo, ili familia ya huyo aliyepatwa iambiwe rasmi na isikute habari kwenye simu. Lakini simu zinafungwa pia kabla ya oparesheni, wakati wa kuhama, na kuna siku netiweki inavurugwa makusudi au chaji imeisha na mtu kalala kama gogo baada ya zamu mbili. Tiki moja haikwambii ni kipi kati ya hivyo, na wewe kila ukiiona unachagua kile kibaya kuliko vyote. Habari mbaya ina njia yake, inaletwa na watu wa jeshi wenyewe, na inafika kwa ndugu aliyeandikwa kwenye fomu yake, so hakikisha namba yako na mahali unapoishi sasa hivi viko sahihi kwenye hiyo fomu, wengi wanahama nyumba na kubadili laini bila kusema. Lile grupu litoe sauti, au toka tu, hakuna wa kukulaumu.

Na mkipata nafasi mkubaliane kitu. Kwenye vita ya kwanza ya dunia jeshi la Uingereza liliwapa askari kadi zilizochapwa tayari sentensi, mimi mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako, askari anakata zisizomhusu anabakisha inayomhusu, anaweka tarehe na sahihi basi, akiongeza neno lolote kadi inachanwa. Kakaratasi kakavu kama nini, ila mtu aliyepokea alijua siku ile aliyoandika yuko hai. Nanyi mfanye hivyo, alama moja ndogo anayotuma akipata hata nusu dakika, maana yake mzima sina muda, na wewe ukiipata usijibu kwa maswali kumi. Msiende kutunga lugha ya siri ya kutajiana sehemu, hapo mtamponza.

Halafu kama anapiga kwa simu ya setilaiti, baadhi ya setilaiti ziko juu karibu kilomita 36,000, sauti inachelewa, unadhani kanyamaza kwa hasira kumbe maneno yako hayajamfikia. Hesabu moja ndo ujibu.

SWALI: Shangazi, mimi ndo niko huku. Binti yangu ana miaka minne, nikipiga vidio koli anakimbia, mama yake anamvuta mpaka analia, nakata simu nimeumia kuliko kabla sijapiga. Bora niache? – Baba Mdogo Mdogo

JIBU: Usiache mwanangu. Ila huyo ni mtoto, kukaa mbele ya kioo na kujibu "hujambo, umekula, shule vipi" hakuwezi, hata angekuwa anakupenda vipi. Mwambie mama yake aegeshe simu mezani mtoto aendelee kuchezea vitu vyake, wewe tazama, uliza yule mdoli anaitwa nani, akiondoka mwache aondoke. Netiweki ikiwa nzuri rekodi voisi za hadithi fupi, tuma nyingi kwa mpigo, awe anawekewa usiku hata siku ambazo hupatikani. Wamarekani kwenye vita ya pili walirekodi sauti kwenye santuri zikapelekwa kwa posta, we una simu tu mfukoni. Na usimtajie tarehe ya kurudi. Tarehe za jeshi unazijua, zikisogea mtoto anajua baba kasema uongo.

SWALI: Mwanangu inasemekana katekwa, kuna video inazunguka mtandaoni. Naanzia wapi? – Mama

JIBU: Pole sana mama. Kaanzie kwenye kikosi chake, afu ofisi ya Msalaba Mwekundu au Hilali Nyekundu iliyo karibu nawe, beba jina lake kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba yake ya jeshi, kikosi, na siku mliyoongea mwisho. Chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949 mateka wa vita anatakiwa aruhusiwe kutuma kadi ya kuijulisha familia ndani ya wiki moja tangu afike kambini, na baada ya hapo kwa mwezi zisipungue barua mbili na kadi nne. Sio kila jeshi linaheshimu hayo, ila ofisi hizo zinajua pa kugonga. Barua zake na zako hazilipiwi stempu, ila zinasomwa, we andika ya nyumbani tu. Ile video usiisambaze, mkataba huohuo unakataza mateka kufanywa maonyesho ya watu. Na akitokea mtu kukupigia anadai anaye na anataka hela, usitume chochote, waambie kikosi.

SWALI: Nimempata mchumba mtandaoni, mwanajeshi wa Marekani, yuko vitani, ananiomba dola 800 za kibali cha likizo aje tuonane. – Nampenda

JIBU: Jeshi haliuzi likizo dada yangu. Na huyo kwenye picha huenda hata hajui kama upo. Mbloku leo, kabla hajakuletea bili ya tiketi.