Jumapili kwenye pabu ya kijijini Uingereza: kwa mdau asiyekunywa wala kula nguruwe

Mdau ameuliza: wenyeji wake wamemwalika chakula cha mchana Jumapili kwenye pabu (baa inayouza pia chakula) ya kijijini Uingereza, hanywi pombe, hali kitimoto, na hataki kuumbuka. Pabu hizo nazijua vizuri, kwa hiyo naandika kwa urefu kidogo.

Kwanza muda. Baa na jiko ni vitu viwili. Baa inaweza kuuza vinywaji hadi saa tano usiku, lakini jiko kwa kawaida linapika saa sita mchana hadi saa nane au nane na nusu, linafungwa, linarudi saa kumi na mbili hadi saa tatu usiku. Jumapili pabu nyingi zinapika mfululizo mpaka saa kumi hivi, basi. Baada ya hapo ni krispi za pakiti tu. Meza ishikwe kwa simu siku kadhaa kabla. Nyama ya kuoka, ambayo ndiyo mlo wa Jumapili, inakatwa kutoka bonge moja, likiisha limeisha, na anayefika saa tisa anakuta kuku peke yake.

Usikae ukisubiri mhudumu. Tafuta meza, soma namba yake (mara nyingi imepigiliwa pembeni), nenda kaunta, agiza chakula na vinywaji pamoja ukitaja namba hiyo, lipa. Kama mlangoni kuna kibao cha kuwataka msubiri kupelekwa mezani, upande huo ni mgahawa na watawafuata. Pale kaunta hutaona mstari, ila foleni ipo: kila mtu anajua nani kamtangulia. Ukiulizwa wewe kwanza na si zamu yako, mwonyeshe mwenye zamu. Kupunga noti ndiyo njia ya hakika ya kuhudumiwa mwisho.

Sasa menyu, na hapa ndipo wengi wanapigwa chenga, kwa sababu majina hayasemi kilichomo. "Gammon" ni nguruwe. "Bangers and mash" ni soseji na viazi vya kuponda, na soseji isiyotajwa nyama yake uichukulie kuwa ya nguruwe. "Toad in the hole" hakuna chura, ni soseji hizo hizo ndani ya rojo la unga lililookwa. "Scotch egg" ni yai lililovikwa nyama ya nguruwe. "Black pudding" ni damu. "Steak and ale pie" nyama yake imepikwa kwenye bia, na ukoko wake huenda una mafuta ya nguruwe. Samaki wa kukaanga naye mara nyingi unga wake umekorogwa na bia, na chipsi zinaweza kutoka kwenye mafuta yale yale yaliyokaanga vitu vingine.

Swali la kuuliza si "kuna pombe?" kwa jumla, maana mhudumu atadhani unazungumzia kinywaji. Taja kitu: unga wa samaki umechanganywa na bia? Mchuzi una divai? Viazi vimeokwa kwa mafuta gani? Sheria inawalazimisha kueleza vizio 14, yaani vitu vinavyowaletea watu mzio, kama maziwa, mayai, karanga na haradali, lakini nguruwe na pombe havimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo karatasi ya vizio haitakuokoa. Alama ya V kwenye menyu nayo inasema tu kwamba hakuna nyama. Divai inaweza kuwemo. Nyama halali usiitegemee kijijini. Kinachobaki salama zaidi ni kiazi kizima cha kuoka chenye jibini au maharage, au samaki wa kuoka.

Kama unakula nyama yao, sahani ya Jumapili ina mpangilio wake. Ng'ombe huenda na horseradish, mzizi mweupe uliosagwa unaopanda puani, anza na ncha ya kijiko. Kondoo huenda na mnanaa wenye siki. Juu ya sahani kuna "Yorkshire pudding", ambayo si kitindamlo: ni mayai, unga na maziwa vilivyomiminwa kwenye mafuta yanayofuka moshi, vikaumuka kama kikombe, ukingo mkavu, katikati laini. Ukiiona bapa na nzito, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, au mtu alifungua oveni mapema. Mchuzi umimine humo wakati unaanza kuila, ukichelewa inakuwa kitambaa kilicholowa.

Kitindamlo chagua "sticky toffee pudding": keki ya tende, yaani tende kweli, yenye mchuzi wa sukari ya kahawia. Epuka "trifle", mara nyingi ina divai.

Vinywaji navyo vina mitego. "Cider" kule ni pombe, "shandy" ni bia iliyochanganywa na soda. "Lemonade" si maji ya limau bali soda nyeupe ya kawaida. "Ginger beer" mara nyingi ni soda kama tangawizi yetu, ila zipo chupa zenye kilevi, soma lebo. Soda ya maji yenye sharubati ya ndimu ni rahisi na ipo kila pabu.

Wakiwa wananunua vinywaji kwa zamu, chukua zamu yako hata kama wewe unakunywa soda. Kukwepa kunakumbukwa kuliko kosa lolote la uma na kisu. Bakshishi kaunta haihitajiki. Ukihudumiwa mezani, angalia kwanza kama bili tayari ina tozo ya huduma.

Na usafiri: vijiji vingi havina basi Jumapili. Wewe usiyekunywa unaweza kujikuta unakabidhiwa funguo za gari, basi hakikisha leseni yako inakubalika na bima inakutambua kabla hamjaondoka nyumbani.