Usalama wa maabara chuo kikuu: kazi yenyewe ilivyo

Mdogo wangu, hongera kwanza kwa kuitwa kwenye usaili. Umesema unamaliza shahada ya uzamili ya kemia hapa Marekani, chuo kikuu kimoja cha utafiti kimekuita kwa nafasi ya mtaalamu wa usalama wa maabara, na wenzako wanakuambia hiyo ni kazi ya uaskari: unapita mlango kwa mlango kuandika makosa ya watu na hakuna anayekupenda. Mimi nimo kwenye kazi hiyo kwa miaka kadhaa sasa, chuo cha aina hiyohiyo, na nilitokea kwenye kemia kama wewe. Nikueleze ninavyoijua.

Ukaguzi upo, ni kweli. Unaangalia kama chupa zina lebo, kama mitungi ya gesi imefungwa mnyororo ukutani, kama kabati la kuvuta mvuke linavuta hewa kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde, kama bomba la kuoshea macho linafunguliwa kila wiki ili kutu isikae ndani. Unaangalia chupa za etha zimeandikwa tarehe ya kufunguliwa, maana etha, kimiminika cha kuyeyushia, ikikaa sana hutengeneza peroksaidi, kemikali zinazolipuka kirahisi, na hizo zikishakauka kwenye mdomo wa chupa, kuzungusha kifuniko tu kunaweza kulipua. Haya utayashika haraka, kemia unayo.

Kigumu ni kwamba kuandika kosa hakumlindi mtu. Pale UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, mwishoni mwa Oktoba 2008, maabara moja ya kemia ilikaguliwa na ikaandikwa, pamoja na mengine, kwamba watu hawavai makoti ya maabara. Tarehe 29 Desemba mwaka huohuo, Sheri Sangji, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23, alikuwa anavuta tert-butililithiamu kwa bomba la sindano la plastiki. Kemikali hiyo huwaka yenyewe ikigusana na hewa. Kisukumio kikachomoka, ikammwagikia, ikashika moto. Alikuwa na sweta ya nyuzi za sintetiki, bila koti. Alifariki tarehe 16 Januari 2009. Kisa hiki kinaniuma mpaka leo, kwa sababu kosa lilishaonwa na watu wa idara kama yangu, na miezi miwili inatosha kabisa kuhakikisha kila mtu chumbani ana koti linalomkaa mwilini na analivaa.

Ndiyo maana mimi napima kazi yangu kwa simu. Je, watu wananipigia kabla ya jambo kuharibika, au nasikia baadaye kutoka kwa zimamoto?

Jioni moja mwanafunzi wa PhD alinipigia. "Samahani, chupa yetu ya taka inatoa sauti." Sauti gani? "Kama soda ukiifungua." Nikamuuliza iko wapi, akasema ndani ya kabati la mvuke. Nikamwambia asiiguse, asijaribu kulegeza kifuniko, ashushe kioo cha mbele mpaka chini, atoe wenzake wote, afunge mlango, tukutane korido. Kumbe mtu alimimina mabaki ya tindikali ya nitriki kwenye chupa iliyokuwa na ethanoli. Hivyo viwili havikai pamoja. Vinaanza taratibu, unaweza ukadhani hakuna kitu, halafu joto linapanda, gesi inajaa, na chupa ya kioo ya lita nne iliyofungwa vizuri haina pa kupumulia. Ilipasuka tukiwa korido. Tuliporuhusiwa kuingia, vipande vya chupa vilikuwa vimetapakaa ndani ya kabati na kioo cha mbele kimechubuka kwa upande wa ndani, kwenye usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Hakuna aliyeumia.

Yule kijana alikuwa na namba yangu kwa sababu wiki chache nyuma nilikaa naye kumchagulia glavu. Angekuwa ananijua kwa makaratasi ya makosa tu, naamini angejaribu kuifungua mwenyewe ili mambo yaishe kimyakimya.

Na glavu usizichukulie poa. Karen Wetterhahn wa chuo cha Dartmouth, hapahapa Marekani, alikuwa profesa wa kemia, mjuzi hasa wa metali zenye sumu. Agosti 1996 matone machache ya dimethili ya zebaki yalidondokea glavu yake ya latex, yaani mpira wa asili, naye akifanya kazi ndani ya kabati la mvuke kama ilivyotakiwa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kemikali ile inapenya latex kwa sekunde chache tu. Dalili zilichukua miezi kujitokeza, na alifariki tarehe 8 Juni 1997. Kwa hiyo mtu akikuuliza avae glavu gani, muulize anashika nini, kwa muda gani, kisha mfungue jedwali la mtengenezaji pamoja naye. Glavu za naitraili, mpira wa kutengenezwa, zinafaa kwa mengi, lakini asetoni huzipita upesi sana. Anayetumia tindikali ya hidrofloriki awe na jeli ya kalsiamu glukoneti, dawa ya kupaka ikikugusa, mezani kabla hajafungua chupa, maana ile iliyozimuliwa inaweza kukuingia saa kadhaa kabla hujasikia maumivu.

Maprofesa nao wana namna yao. Ukiingia na kifungu cha sheria atakusikiliza kwa adabu, ukitoka anaendelea alipoishia. Mimi huanza kwa kumwomba anieleze jaribio lake. Wanapenda kueleza, na hatari hujitaja yenyewe humo humo: kwamba wamehamishia naitrojeni ya kimiminika kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, kwa mfano. Lita moja yake ikigeuka gesi ni karibu lita 700, inasukuma oksijeni nje, na mtu anaanguka bila kunusa chochote. Hapo kuomba kipima oksijeni ukutani hakuleti ubishi.

Kwenye usaili watakuuliza kama umepata mafunzo ya saa 40 ya kushughulikia taka hatarishi. Kama huna, sema uko tayari kuyapata. Ila na wewe waulize. Kanuni ya shirikisho ya maabara ya mwaka 1990 inamlinda mwajiriwa, sasa mwanafunzi asiyelipwa mshahara analindwa na nini hapo kwao? Nani ana mamlaka ya kusimamisha jaribio saa hiyohiyo, wewe au mpaka dekani apatikane? Na profesa asipojibu ripoti ya ukaguzi kwa mwezi mzima, anayempigia simu ni nani? Hilo la mwisho usiondoke bila kujibiwa kwa cheo cha mhusika.